Utafiti wa uchumi unavyobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoanza chuo, waandishi wa habari, na watu wazima waliochoka kuwasikia wachumi wakipingana redioni. Nimeyajibu kwa mifano, kwa sababu historia ya utafiti huu inaeleweka vizuri zaidi ukifuata swali moja moja na kuona lilivyobadilika mikononi mwa watu. Mifano kadhaa inatoka Kenya na Tanzania. Mapinduzi makubwa ya karibuni katika taaluma hii yalifanyika kwenye shule na zahanati za magharibi mwa Kenya, na wengi wetu hatukuambiwa.

Uchumi una hesabu nyingi. Mbona majibu yake hayatulii?

Hesabu imetulia, kinachohesabiwa ndicho kisichotulia. Mwezi wa angani haujali watu wanasema nini juu yake, lakini bei ya unga inajali. Wafanyabiashara wakisikia kwamba unga utapanda mwezi ujao, wanaficha magunia leo, na bei inapanda leo hii.

Mwaka 1958 A. W. Phillips, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha London School of Economics, alichapisha takwimu za Uingereza za kuanzia 1861 hadi 1957. Miaka ambayo watu wengi walikosa kazi, mishahara ilipanda polepole. Miaka ambayo kazi zilikuwa tele, mishahara ilipaa. Wachumi wengi wakauchukua mchoro wake kama orodha ya bei dukani: serikali ikitaka ajira zaidi, ilipe kwa mfumuko wa bei kidogo. Milton Friedman na Edmund Phelps wakaonya mwishoni mwa miaka ya 1960, kila mmoja kwa njia yake, kwamba biashara hiyo haitadumu, kwa kuwa watu wakishazoea bei kupanda watadai mishahara inayokwenda nayo sambamba. Miaka ya 1970 ikaleta balaa zote mbili kwa pamoja. Mwaka 1974 mfumuko wa bei Marekani ulivuka asilimia 10, na Mei 1975 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 9.

Mwaka 1976 Robert Lucas wa Chicago akalifanya jambo hilo kuwa onyo la jumla: uhusiano ulioonekana katika takwimu za jana unaweza kuvunjika siku ile ile serikali inapoanza kuutegemea, kwa sababu watu hubadili mwenendo sera inapobadilika. Phillips mwenyewe aliipima Uingereza yake sawasawa. Waliokosea ni waliodhani kipimo cha nchi moja kwa miaka fulani ni sheria ya kila mahali na kila zama.

Basi nini hasa hubadilika: dunia, data, au wachumi wenyewe?

Vyote vitatu, lakini si kwa uzito mmoja. Dunia huleta maswali. Mdororo wa miaka ya 1930, ambapo mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi, ndio uliofanya kitabu cha mchumi Mwingereza John Maynard Keynes cha 1936 kisomwe kwa njaa. Data huruhusu maswali yajibiwe. Mitindo nayo ipo. Wachumi ni binadamu, na kijana anayetafuta ajira chuoni huandika kile ambacho wakubwa wake wanakisifu.

Kuna la nne ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: kiwango cha ushahidi. Yaani, ukisimama mbele ya wenzako ukadai jambo, watakutaka ulete nini ndipo wakubali? Mwaka 1950 ungeweza kuleta hoja iliyopangika vizuri. Mwaka 1980 ungeleta milinganyo. Leo utaulizwa: umejuaje kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile? Kiwango hicho kikibadilika, kila kitu kinafuata: nani anaajiriwa, makala gani inachapishwa, na kijiji gani kinatembelewa na watu wenye madodoso.

Hesabu iliingia lini?

Polepole, kisha kwa kasi. Adam Smith, 1776, aliandika kwa nathari tupu. Alfred Marshall wa Cambridge alikuwa hodari wa hesabu, lakini katika barua ya 1906 alimshauri mwenzake aitumie kama mkato wa kufikiri tu, kisha atafsiri matokeo kwa lugha ya kawaida, atoe mifano ya maisha halisi, na hesabu aichome moto. Ushauri huo haukufuatwa. Chama cha wanaekonometriki, yaani wachumi wanaopima nadharia kwa takwimu, kilianzishwa 1930 na jarida lake, Econometrica, likatoka 1933. Paul Samuelson akaandika upya misingi ya taaluma kwa lugha ya hesabu mwaka 1947, na mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu wakathibitisha kihesabu kwamba, kwa masharti fulani, bei zinaweza kusawazisha masoko yote kwa wakati mmoja. Kwa miaka thelathini hivi baada ya hapo, heshima ya mchumi ilipimwa kwa uzuri wa uthibitisho wake.

Nimesikia nadharia imekufa. Ni kweli?

Haijafa, ila imeshuka kwenye kiti cha enzi. Daniel Hamermesh alipitia makala za majarida matatu makubwa ya Marekani kwa miongo kadhaa. Mwaka 1983 karibu asilimia 58 ya makala zilikuwa nadharia tupu. Kufikia 2011 zilibaki asilimia 19. Makala ambazo waandishi walikusanya data zao wenyewe zilipanda kutoka asilimia 2.4 hadi 34 katika kipindi hicho hicho.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kukaa nayo. Zamani mchumi alichukua takwimu zilizokusanywa na serikali, akazichambua ofisini. Kufikia 2011 theluthi ya waliochapisha huko juu walikuwa wametoka nje kuzitafuta: wamehoji kaya, wamefungua makabati ya mahakama na forodha, wameingia mikataba na kampuni za simu. Kazi imebadilika sura.

Ni nini kilichowasukuma kwenye data?

Kompyuta ndogo, kwanza kabisa. Hesabu iliyohitaji chumba kizima cha mashine mwaka 1965 inafanyika kwenye kompyuta ya mapajani.

Aibu pia ilichangia. Mwaka 1983 Edward Leamer aliandika makala kali akiwashutumu wanaekonometriki wenzake kwamba wanajaribu milinganyo mingi chumbani, kisha wanachapisha mmoja uliotoa jibu walilolitaka, na kwamba hakuna anayeamini matokeo ya mwenzake. Wenye dhamiri waliumia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kilichokuja baadaye ni kutafuta mahali ambapo maisha yenyewe yamefanya jaribio. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa kima cha chini cha mshahara. Vitabu vya darasani vilisema wazi: mshahara ukipandishwa kwa amri, waajiri wanapunguza watu. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima hicho kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania halikugusa chake. David Card na Alan Krueger walihoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande mbili za mpaka, kabla ya sheria kuanza na miezi kadhaa baadaye. Ajira New Jersey haikuonekana kushuka ikilinganishwa na Pennsylvania.

Makala ilitoka 1994 na ugomvi ukawaka. Wapinzani wakaleta kumbukumbu za malipo ya mishahara zilizotoa picha tofauti, nao Card na Krueger wakajibu. Mabishano juu ya kima cha chini hayajaisha mpaka leo. Ila angalia kilichobadilika: pande zote mbili sasa zilibishana juu ya migahawa, mipaka na tarehe, wala hakuna aliyedai kwamba mchoro wa kitabuni unatosha. Krueger alifariki 2019. Mwaka 2021 Card alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel, na nusu nyingine ikaenda kwa Joshua Angrist na Guido Imbens, waliofafanua ni lini majaribio ya aina hiyo ya kimaisha yanaweza kuaminiwa.

Na haya majaribio ya vijijini yalianzaje?

Hapa ndipo habari inapofika nyumbani. Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha magharibi mwa Kenya alipomaliza shahada ya kwanza, alirudi huko katika miaka ya 1990 na wazo lililotoka kwenye tiba. Dawa mpya hupimwa kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura: hawa wanapewa, wale bado. Kwa kuwa ni kura iliyowagawa, tofauti inayojitokeza baadaye imeletwa na dawa. Kwa nini shule zisipimwe vivyo hivyo?

Jaribio la mwanzo lilikuwa la vitabu vya kiada. Kati ya shule 100 za Busia na Teso, 25 zilichaguliwa kwa nasibu zipewe vitabu kwanza. Kila mtu alitarajia alama zipande. Tafiti za nyuma, zilizolinganisha tu shule zenye vitabu na zisizo navyo, zilikuwa zimesema hivyo. Alama za wastani hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Watafiti walipochimba sababu, wakakuta watoto wengi hawawezi kukisoma kitabu chenyewe, kwani kimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu.

Naomba msomaji asiharakishe hapo. Swali la lugha ya kufundishia tumelijadili Afrika Mashariki kwa miongo, mara nyingi kwa hisia za uzalendo au hofu ya kuachwa nyuma na dunia. Kremer hakuwa na hamu ya mjadala huo. Alikwenda kupima vitabu, na lugha ikajitokeza yenyewe kwenye alama za watoto.

Lililofuata ni la dawa za minyoo, ambalo Kremer alilifanya na Edward Miguel kuanzia 1998. Shule 75 zenye watoto zaidi ya 30,000 ziligawanywa makundi matatu yaliyopewa dawa kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo. Na kwa sababu minyoo huambukizana, hata watoto ambao hawakumeza dawa walionekana kunufaika kwa kuwa wenzao wamepona. Makala ilitoka 2004 katika Econometrica, lile lile jarida lililokuwa nyumba ya milinganyo. Mwaka 2019 Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Nobel kwa njia hii ya kazi.

Je, ni haki kumpa mmoja na kumnyima mwenzake ili upate makala?

Swali zito, na linaulizwa zaidi na wazazi kuliko wanafunzi. Utetezi wa kawaida ni huu: fedha hazitoshi kufikia shule zote mwaka wa kwanza, kwa hiyo zamu ingekuwepo tu, na kura ni ya haki kuliko kujuana. Kwa dawa za minyoo hoja hiyo ina nguvu, maana kila kundi lilipangiwa zamu yake. Kwa majaribio mengine ina nguvu kidogo. Watafiti wanatakiwa kupata kibali cha tume ya taifa ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, pamoja na idhini ya kamati za maadili za vyuo vyao.

Langu mimi liko kwingine. Mama anakaa kwenye mkeka saa mbili akijibu amekula nini wiki iliyopita, anadaiwa na nani, mtoto gani aliugua. Majibu yake yanakwenda Boston, yanachapishwa kwa Kiingereza, na yeye hasikii tena. Kumrudishia matokeo kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mahali hapo, kwenye mkutano wa kijiji, kungegharimu kidogo sana ukilinganisha na utafiti wenyewe. Ningependa kuona kamati za maadili zikilifanya sharti.

Utafiti wa namna hii umewahi kubadili sera yoyote, au unaishia majaridani?

Chandarua ni ushahidi mzuri. Wakati wa uchangiaji gharama tuliambiwa kwamba kitu cha bure hakithaminiwi: mpe mtu chandarua bure atakifanyia wavu wa samaki. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya wakabadilisha bei kwa nasibu. Bei ilipotoka sifuri hadi senti 60 za dola tu, idadi ya waliochukua ilishuka kwa asilimia 60. Na waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua. Makala ilichapishwa 2010 na ikawa silaha mikononi mwa waliotaka vyandarua vigawiwe bure. Nadharia ya "kulipa ni kuthamini" ilikuwa na sauti nzuri. Ilichokosa ni mtu wa kuipima.

Tukiacha wageni, watafiti na mazingira ya kwetu vimechangia nini?

Zaidi ya inavyosemwa, na kabla ya majaribio ya nasibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali za Afrika zilishangaa: viwanda vinajengwa mijini, ajira zinatolewa, na bado wasio na kazi wanaongezeka. Michael Todaro, aliyekuwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mjini Nairobi, pamoja na John Harris, walilieleza jambo hilo mwaka 1970 kwa modeli ambayo kila mwanafunzi wa uchumi wa maendeleo duniani huifundishwa. Kijana wa kijijini hatazami mshahara wa mjini peke yake. Anaupima pamoja na uwezekano wa kuupata. Ukiongeza nafasi mia mjini, unaongeza tumaini, na wanaweza kuja mia tatu kuzigombea. Kenya ilikuwa imeona kitu cha namna hiyo mwaka 1964, pale serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza ajira kwa mkupuo na foleni ya watafuta kazi ikarefuka.

Miaka miwili baadaye, 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly ulichapisha ripoti yake juu ya Kenya. Uliwakuta mafundi na wachuuzi wadogo ambao takwimu ziliwahesabu kama watu wasio na kazi, ilhali wanafanya kazi kutwa nzima juani. Dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo Keith Hart alikuwa ameianzishia Accra, ikapitia ripoti hiyo kuenea duniani. Sisi tunaiita jua kali.

Dar es Salaam ilikuwa na njia yake. Chuo Kikuu cha miaka ya Azimio la Arusha kiliuliza kwa nini nchi zimefanywa maskini, na kujibu kwa historia. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alichapisha kitabu chake mashuhuri, How Europe Underdeveloped Africa, mwaka 1972 akiwa anafundisha hapo. Mwaka 1973 Justinian Rweyemamu, mchumi Mtanzania, alionyesha jinsi viwanda vya Tanzania vilivyofungwa kwenye mahitaji ya nje. Miaka ya 1980 upepo uligeuka. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1981 iliutupia mzigo wa lawama kwenye sera za serikali za Afrika zenyewe, na mwaka 1986 Tanzania ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kizazi cha watafiti kilichofuata kiliandika juu ya viwango vya kubadilisha fedha na ruzuku. Sidhani hoja za Dar zilishindwa kwa ushahidi; sehemu kubwa ziliachwa tu kwa sababu fedha za utafiti zilihamia kwenye maswali mengine. Hiyo nayo ni njia mojawapo ya taaluma kubadilika, na si ya kujivunia.

Mwaka 1988 ulianzishwa mjini Nairobi muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, AERC, uliosomesha na kulea mamia ya wachumi wa bara hili. Benno Ndulu, aliyeuongoza kabla ya kuwa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018, alikuwa mfano wa mtu anayeweza kusoma milinganyo asubuhi na kuamua riba mchana.

Na kuna makala moja ya 2004 ambayo ningependa kila Mswahili aijue. Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, sehemu zinazofanana kwa jiografia na historia ya kikoloni. Busia, palipochanganyika makabila michango ya shule ilipungua. Meatu, mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Maelezo yake yalikuwa siasa ya kujenga taifa: lugha moja, mtaala mmoja, serikali za vijiji. Sehemu mbili tu ni chache kwa kukata shauri, lakini swali limeulizwa vizuri.

Je, matokeo huwa yana makosa?

Ndiyo, na namna makosa yanavyogunduliwa imebadilika mno.

Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri zikiwa na deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wao wa wastani unashuka hadi chini ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu walipokata matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa kazi ya darasani ya kurudia utafiti wa watu wengine. Akashindwa kupata majibu yale yale, akawaomba waandishi faili lao, nao wakampa. Akakuta fomula ya jedwali imeruka nchi tano. Pamoja na walimu wake, baada ya kurekebisha hilo na mambo mengine ya uchaguzi wa data, wakapata ukuaji wa asilimia 2.2 badala ya kasoro 0.1. Hiyo ilikuwa 2013.

Utafiti wa minyoo nao ulifanyiwa vivyo hivyo. Watafiti wa tiba waliurudia kwa data zile zile na 2015 wakaonyesha makosa, hasa katika kukokotoa nani alinufaika kwa umbali gani kutoka shule iliyotibiwa. Waandishi walikiri makosa hayo na kushikilia kwamba hitimisho kuu limesimama, wengine hawakukubali. Baadaye ufuatiliaji wa miaka 20 uliripoti kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na matumizi makubwa kwa asilimia 14. Mabishano yanaendelea, tena kwa data zilizowekwa wazi.

Leo majarida makubwa yanadai data na programu za kukokotoa ziwasilishwe pamoja na makala. Chama cha Wachumi cha Marekani kilifungua daftari la kusajili majaribio mwaka 2013, ili mtafiti aseme mapema atapima nini asije akabadili swali baada ya kuona majibu. Ulipofanyika urudiaji wa majaribio 18 ya maabara yaliyochapishwa katika majarida mawili makubwa, 11 yalirudia kutoa matokeo yale yale. Wengine wanaona 11 ni chache. Mimi naona kwamba zamani hakuna aliyehesabu.

Majaribio ya nasibu ndiyo kilele basi?

Hapana. Angus Deaton, mshindi wa Nobel wa 2015, ameyakosoa kwa miaka mingi: yanaonyesha kwamba kitu kimefanya kazi Busia bila kueleza kwa nini, na bila kujua sababu huwezi kukihamishia Bukoba kwa kujiamini. Tena maswali makubwa hayapimiki kwa kura. Huwezi kuzigawa nchi kwa nasibu, hizi zipate benki kuu huru na zile zikose.

Majaribio yenyewe yamekua kwa kukosolewa. Katika kaunti ya Siaya, kaya zaidi ya 10,500 katika utafiti uliohusu vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia mpaka wenye maduka ambao hawakupewa kitu. Kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola 2.5 za shughuli katika eneo zima, na bei zilipanda kidogo mno. Hilo ni swali la uchumi mpana, la aina ambayo Keynes angeitambua, likijibiwa kijijini kwa kura.

Simu na pesa za mtandaoni zimebadilisha utafiti?

Sana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mawakala walivyosambaa sehemu moja mapema kuliko nyingine wakawapa watafiti jaribio la kimaisha. Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba imetoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, hasa zile zinazoongozwa na wanawake.

Na pato la taifa? Linaaminika?

Kwa tahadhari. Septemba 2014 Kenya ilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumiwa kama msingi wa kukokotoa pato, kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa asilimia 25. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Shughuli ambazo hazikuwa zikihesabiwa zilihesabiwa. Nigeria mwaka huo huo ilipanda kwa asilimia 89. Tafiti nyingi zilizolinganisha nchi zilikuwa zimetumia namba za zamani.

Kwa nini makala moja inachukua miaka?

Kwa sababu mlango umekuwa mwembamba. Card na Stefano DellaVigna walionyesha kwamba kati ya 1990 na 2012 makala zinazotumwa kwa majarida matano makubwa ziliongezeka karibu maradufu, huku zinazochapishwa zikiwa zimepungua kutoka takriban 400 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 300. Zinazokubaliwa zilishuka kutoka asilimia 15 hadi 6. Makala zenyewe ni ndefu mara tatu ya zile za miaka ya 1970, na wastani wa waandishi kwa makala umetoka 1.3 hadi 2.3. Unaposoma makala mpya kabisa katika jarida kubwa, mara nyingi data zake zina umri wa mtoto wa shule ya msingi. Mtafiti wa Dodoma au Eldoret, asiye na wasaidizi wala bajeti ya kukusanya data, anaumizwa na hali hii kuliko yule wa Harvard.

Nitazisomaje bila pesa?

Jina la makala liandike kwenye mtambo wa kutafuta pamoja na jina la mwandishi. Wachumi wengi huweka nakala ya awali kwenye tovuti zao. Shirika la utafiti la Marekani, NBER, hutoa makala zake za awali bure kwa wakazi wa nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo. Data na programu za makala za majarida ya Chama cha Wachumi cha Marekani hupakuliwa bure pia, kwa hiyo unaweza kufanya alichofanya Herndon ukiwa na kompyuta ya kawaida. Ukikwama, mwandikie mwandishi barua pepe fupi, umweleze wewe ni nani na unataka nini. Ukisoma, anza na utangulizi, ruka milinganyo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza data zilikusanywa wapi, lini, na kwa kuwauliza akina nani.